Nyumba Isiyopimwa

Shemeji yangu Albano hakuwahi kukaa kwenye kiti bila kukipangusa kwanza kwa kiganja. Kiti kiwe kimetoka kuoshwa, au kiwe benchi la kanisani lililong'arishwa na waumini wa misa ya kwanza, alipitisha kiganja mara moja kutoka nyuma kuja mbele, akakitazama, ndipo akakaa. Wenyeji wengine waliona ni dharau. Dada yangu Yuliana, mkewe, aliwahi kuwatuliza: "Msimjali. Hafuti vumbi lenu, anafuta la baba yake."

Alikulia katika vumbi la mpingo. Baba yake, Mzee Anselmo, aliondoka Newala akiwa kijana, akakata mkonge kwenye mashamba ya Wazungu, kisha akahamia Temeke na tezo yake na kuanza kuchonga. Uani kwake palikuwa na banda la makuti ambamo yeye na wenzake walichonga kuanzia asubuhi, na vumbi jeusi lilitua juu ya kila kitu: vigoda, sufuria, madaftari ya mwanawe. Mapadre walimsomesha huyo mwana. Bendera ya uhuru ilipopandishwa alikuwa sekondari, na tulipokuwa tukiandamana kuunga mkono Azimio la Arusha, yeye alikuwa ng'ambo akisomea minyoo. Alirudi na shahada ya udaktari isiyokuwa na sindano, jambo ambalo mtaa haukulielewa hata kidogo. Akina mama walimletea watoto wenye homa.

"Mimi si daktari wa namna hiyo, mama."

"Kwani mko namna ngapi?"

"Mimi natazama wadudu kwenye damu."

"Basi si utazame ya huyu!"

Aliishia kuwabeba mwenyewe hadi zahanati. Nilikuwa nikiishi nao wakati ule, nikifundisha shule ya msingi hapo Temeke baada ya kutoka chuo cha ualimu, na mara nyingi nilimwona akipita na mtoto wa mtu begani, koti lake la maabara limelowa mate.

Kazi yake ilikuwa ugonjwa wa matende. Siku hizo mitaa yetu ilijaa mashimo ya vyoo yenye maji, mbu wakizaliana humo, na wanaume wengi wa makamo walikuwa na mabusha. Walisingizia madafu. Albano alitaka kujua wadudu wa ugonjwa huo wako kwa nani na kwa nani, nyumba baada ya nyumba, na kama ukimwaga mafuta machafu kwenye vyoo vya mtaa mzima watapungua. Kwa hiyo alihitaji damu, na damu hiyo lazima itolewe watu wakiwa wamelala, maana mchana wadudu hao hujificha. Vilevile wanaume walitakiwa kuvuliwa nguo mchana na kutazamwa na Marijani, mganga msaidizi wake, kijana wa Kurasini mwenye maneno ya mzaha na mikono ya upole.

Sasa fikiria mtu anayepita usiku kuchukua damu za watu. Neno la mumiani lilizuka siku hiyohiyo. Milango ilifungwa, na mwanamke mmoja alimmwagia Marijani maji ya kuoshea samaki. Aliyeifungua milango ile ni Mzee Anselmo. Aliacha tezo yake, akajifunga shuka lake pana, akatembea mbele ya mwanawe kutoka nyumba hadi nyumba. "Huyu ni wangu," alisema. "Akiwa mumiani, basi alianza na mie." Watu wakacheka, wakafungua.

Na kila mtu aliyefungua mlango aliona jinsi mzee alivyokuwa akitembea, miguu imeachana, hatua fupifupi. Alikuwa na busha kubwa. Hakuwa amevaa suruali kwa miaka mingi. Alichonga akiwa kwenye kigoda, gogo la mpingo mbele yake, shuka limefunika yote. Mtaa mzima ulijua. Mwanawe alijua. Lakini kwetu mtoto wa kiume hamtazami baba yake chini ya kiuno, halitaji jambo hilo, wala hamtumi mtu mwingine akalitaje kwa jina lake. Upimaji ukaanza na kumalizika, na nyumba ya Mzee Anselmo, iliyofungua nyingine zote, ikabaki hapo katikati bila kupimwa.

Mwaka wa njaa, ule wa unga wa njano tuliouita yanga, ilitangazwa nafasi ya mafunzo ya juu kwa watafiti wa afya waliokwisha kupata udaktari. Miaka miwili kwenye maabara kubwa ng'ambo, kisha vifaa na fedha za kuanzisha maabara hapa nyumbani. Fedha zilitoka nje, uamuzi ulikuwa wa kamati ya hapahapa, na nafasi ilikuwa moja tu kwa nchi nzima. Nyumbani tuliiita "ile nafasi", kama watu wanaoogopa kuita jina la mimba changa. Albano alikuwa na darubini moja iliyochoka, anayogombania na watu wengine ofisini. Alikuwa akisema akipata ile nafasi, watu wa Temeke hawatapeleka damu yao mbali tena, wala kungoja majibu hadi wasahau walichouliza.

Niliyapiga taipu maombi yake, maana chuoni nilijifunza. Yeye alitembea chumbani akinitajia, mimi nikigonga. Waombaji wengine, alisema, walikuwa na maeneo yenye matobo: nyumba zilizokataa, watu waliokimbia. Nguvu ya ombi lake ilikuwa katika sentensi moja. Aliirudia taratibu ili nisikosee: hakuna nyumba hata moja katika eneo la utafiti iliyoachwa bila kupimwa. Nikaigonga. Majedwali yenyewe aliyaandika kwa mkono ofisini kwake, sikuyaona.

Ombi likapita mchujo wa kwanza, likapita wa pili. Kisha habari ikaja kwamba mjumbe wa kamati atatembelea eneo, aone kwa macho. Alikuwa Daktari Kokuberwa, mwanamke wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuja Jumamosi asubuhi. Yuliana alikuwa ametafuta sukari tangu Jumatano. Tulizunguka mtaa mzima: Albano mbele, mgeni na mafaili yake, Marijani, mjumbe wetu wa nyumba kumi, na mimi nikibeba chupa ya chai nyuma yao. Kila nyumba ilikuwa bado na namba ya chaki juu ya mlango. Daktari Kokuberwa alisoma namba, akafunua karatasi, akauliza swali moja au mawili, akaandika. Wazee walimjibu kwa fahari. Mwalimu wa madrasa alimwambia, "Hapa kwetu, ndugu daktari, hata sie wenye haya tulivua." Nilimwona mgeni akitabasamu. Nilimwona Albano akinyooka mabega. Nikadhani tumeshapata.

Ziara ilipaswa kuishia nyumbani kwa chai. Lakini njia ilipita mbele ya banda la wachongaji, na mjumbe wa nyumba kumi, kwa heshima tu, akasema si vizuri mgeni aondoke bila kumsalimu mzee aliyefungua mtaa. Tukaingia.

"Shikamoo, mzee," akasema Daktari Kokuberwa.

"Marahaba, mama. Karibu kwenye vumbi."

Albano akakipangusa kigoda, akampa mgeni. Yeye akabaki amesimama. Mzee Anselmo alikuwa ametulia pale pake, shuka limeenea magotini, anachonga sura za watu waliobebana. Mambo yangeishia hapo. Salamu, maji ya kunywa, kwaheri. Ndipo tukasikia sauti nje.

"Hodi kwa wachonga mashetani!"

"Karibu, mwizi wa ng'ombe," akajibu mzee bila kuinua uso.

Alikuwa Bi Filomena, Mngoni aliyeuza togwa mtaani kwetu, na kwa hiyo, kwa utani wa makabila yao, mtani wa Mzee Anselmo. Alitua ndoo yake, akatutazama mmoja mmoja.

"Leo mmevaa viatu wote. Nani kafa?"

"Tuna mgeni, wewe mwanamke. Funga mdomo."

"Mdomo wa Mngoni haufungwi. Ndiyo maana Mjerumani alitunyonga." Akamgeukia Daktari Kokuberwa. "Karibu, dada. Nasikia unakagua mabusha. Basi umefika makao makuu. Hayo mengine uliyoyaona huko ni wanachama wa kawaida, mwenyekiti wa tawi ndiye huyu hapa!"

Wachongaji wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka, kwa kuwa mtani hakasirikiwi, na anayekasirika ndiye anayetozwa faini. "Wewe ungekuwa nalo," akamwambia, "ungelibeba kichwani, uliuze pamoja na togwa."

"Ningelinywesha kwanza! Lakini huyu daktari wenu, eh? Huyu mtani wangu mdogo. Mume wangu kavuliwa. Jirani kavuliwa. Shehe mzima kavuliwa. La baba yake kaliruka kama mtu anayeruka dimbwi asilowe!"

Wakacheka tena. Mimi pia nilianza kucheka, kisha nikaona uso wa Marijani. Alikuwa akitazama chini, na yule hakuwa mtu wa kutazama chini pakiwa na mzaha.

Daktari Kokuberwa hakucheka wala hakukasirika. Alinyanyua macho juu ya mlango wa nyumba, akasoma namba ya chaki, akafunua karatasi zake, akapitisha kidole.

"Hapa imeandikwa mzee mmoja," akasema. "Amepimwa damu. Ametazamwa mwili. Hana dalili."

Tezo zikanyamaza. Bi Filomena akajifunika mdomo kwa upindo wa khanga, na nadhani ndiyo mara pekee niliyomwona akifanya hivyo.

Mzee Anselmo akaweka patasi yake chini taratibu. Hakuwa anajua kusoma, wala hakuelewa yote, lakini alielewa kwamba mwanawe ameshikwa. "Mama daktari," akasema, "kosa si la mtoto. Mie nilimkatalia. Alikuja hapa na huyu kijana wake, nikawafukuza. Nitamvulia nani nguo, mwanangu? Andika hivyo, kwamba mzee alikataa. Yeye hana kosa."

Mjumbe wa nyumba kumi akaitikia haraka, "Ndiyo, wazee wanakuwaga wakaidi." Lilikuwa daraja dogo, limetandikwa na baba aliyempenda. Albano angeweza kulipita. Angesema ndiyo, alikataa, tukakosea kuandika. Nilimtazama, na namwona hata sasa: mikono imening'inia, kiganja kimoja bado kina vumbi jeusi la kigoda.

"Baba hakukataa," akasema. "Hakuulizwa. Hatukuja hapa. Niliandika mwenyewe, nikiwa mezani."

Mzee akamgeukia.

"Umeandika sina?"

"Ndiyo, baba."

"Huko Ulaya nako watasoma kwamba sina?"

"Ndiyo, baba."

Mzee Anselmo akaokota patasi yake, akaendelea kuchonga. Sikuona hasira usoni pake. Niliona mtu aliyetembea mlango hadi mlango akisema "huyu ni wangu," na sasa anasikia jinsi yeye mwenyewe alivyotambulishwa.

Chai haikunyweka. Kwenye gari, Daktari Kokuberwa alisimama na ufunguo mkononi. Nilikuwa karibu nikasikia. "Ungeacha nafasi wazi tu," akamwambia. "Nafasi wazi tunaielewa. Mimi nami nina baba." Kisha: "Andika mwenyewe uondoe ombi. Ukiniachia mimi, itabidi nieleze sababu." Aliyasema kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko kufokewa.

Barua ile niliipiga mimi, mistari miwili. Nafasi ilikwenda kwa mtu wa Mwanza.

Mtaa haukumlaumu kwa uwongo. Wangapi hawajaandika uwongo kwenye karatasi za serikali? Walichomlaumia ni kingine, na walikisema waziwazi akipita: "Sie alituvua, wa kwake akamfunika." Wanaume waliovua nguo mbele ya Marijani kwa ajili ya nchi, kama walivyoambiwa, waliona wamefanywa wajinga. Albano akaanza kupita nyuma ya nyumba kwenda kituo cha basi la UDA. Akiitikia salamu, alitazama miguu ya mtu. Marijani akaomba uhamisho. Wakati wa kuagana alimwambia mbele yetu, si kwa ubaya, "Bosi, ungeniambia tu nimuulize. Mie si mwanawe." Lilikuwa jambo dogo sana hilo, na hakuna aliyelifikiria kwa wakati wake. Kwa nini Albano hakumtuma hata Bi Filomena, ambaye kazi ya utani ilimruhusu kusema lolote? Nadhani hakuogopa kwamba mzee angekataa. Aliogopa kwamba angekubali, na baba yake angekuwa namba kwenye jedwali lake, pamoja na wengine.

Bi Filomena hakuomba radhi, kwa kuwa mtani haombi. Ila wiki zile alikwenda kila asubuhi bandani kwa Mzee Anselmo na kumsumbua kwa matusi mpaka yule mzee akakubali kupelekwa hospitali. Alimsindikiza mwenyewe, akimwambia kila waliyempita njiani kwamba mwenyekiti anakwenda kujiuzulu. Mzee alipasuliwa. Albano alilipia kila kitu na hakufika wodini hata siku moja. Alisimama getini na matunda, akatupa sisi tuingie nayo.

Pasaka iliyofuata Mzee Anselmo alikuja kanisani amevaa suruali. Ilikuwa ya kaki, mpya, imepigwa pasi mpaka mstari wake unakata. Baada ya misa alipita nyumbani. Hakukaa. Alisimama barazani, mikono mifukoni kama kijana.

"Nimepita tu," akasema.

"Karibu, baba," akasema Albano.

Wakazungumza habari za mvua. Mzee alipoondoka, Albano alimtazama mpaka kona, jinsi anavyotembea, kisha akaingia ndani akafunga mlango wa chumba. Kati yao, kwa kadiri ninavyojua, hawakuwahi kulizungumza zaidi ya hivyo.

Nafasi ile ilitangazwa tena, na tena. Yuliana alikuwa akimwekea tangazo chini ya sahani yake. "Omba, baba Leonardi. Wamesahau."

"Mimi sijasahau."

Mara moja alijaza. Alifika mahali wanapouliza habari za eneo la utafiti, akaweka kalamu. Akaendelea na darubini ileile iliyochoka, akawafundisha vijana wa maabara, wengine wakapanda wakampita, wakaenda ng'ambo na kurudi wakubwa wake. Nilimhurumia, na nakiri kuna siku alinichosha. Aibu ikikaa muda mrefu ndani ya nyumba huwa kama mgeni asiyeaga: mnapunguza sauti kwa ajili yake, mnampikia.

Mzee Anselmo alifariki baada ya vita vya Kagera. Kwenye mazishi Bi Filomena aliingia uani amevaa ile suruali ya kaki juu ya khanga, akatembea kwa hatua ndefu za mbwembwe kama marehemu alivyotembea miaka yake ya mwisho, akiuliza faini atozwe nani. Waombolezaji walicheka huku wakilia. Albano naye alicheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu, kisha akaenda nyuma ya banda la wachongaji, akakaa huko peke yake. Mimi ndiye niliyempelekea maji. Alikuwa amekaa chini, mavumbini, bila kupangusa. Siku ya pili akarudia desturi yake.

Yeye mwenyewe hakufikia uzee. Ini lilimharibikia. Kipindi kile hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, na dawa ndiyo usiulize. Tulimlaza chumba cha mbele karibu na dirisha apate hewa. Asubuhi moja tukasikia vijana nje, wasichana kwa wavulana, wamevaa makoti meupe, wanagonga milango na kuandika namba kwa chaki. Utafiti ulikuwa umerudi mtaani, wa watu wengine, wala hawakujua nyumba hii ni ya nani. Walipofika mlangoni Yuliana aliwazuia kwa heshima. Akawaambia humu ndani mna mgonjwa mahututi, wapite. Wakampa pole, wakasogea.

Nilikuwa nimekaa karibu na kitanda nikisahihisha madaftari. Nilidhani amelala.

"Shemeji."

"Abee."

"Wamekwenda?"

"Wako nyumba ya pili. Dada kawaambia wasikusumbue."

Alijaribu kuinuka kwa kiwiko, akashindwa. Mkono wake ulipapasa shuka, ukakamata kidole changu.

"Wakimbilie," akasema. "Waambie nyumba hii wasiiruke."